Gurudumu Limesimama, Pikipiki Yaja

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule na kula ndizi zake za kuchemsha, Nyanchoka aliketi juu ya gunia nyuma ya nyumba akaanza kusugua. Mbele yake palikuwa na beseni la maji, kipande cha msasa, na safu ya sahani na vinyago vya viboko ambavyo baba yake, Omosa, alikuwa amevichonga asubuhi. Katika vijiji vya karibu na Tabaka, kazi ya jiwe la sabuni hugawanywa hivyo: wanaume huchimba na kuchonga, akina mama na watoto husugua kwa maji mpaka jiwe ling'ae. Nyanchoka aliijua kazi hiyo kabla hajajua kusoma. Alijua pia kwamba unga wa jiwe hilo ukilowa, sahani huponyoka mikononi, na ukiivunja, utakwenda kumweleza Tata mwenyewe. Tata ndivyo watoto wa Kisii wanavyomwita baba, na Tata Omosa hakuwa mtu wa kuvunjiwa sahani.

Nyuma ya nyumba ya kila mchongaji huwa pana rundo la mabaki: vipande, chembe na unga mweupe. Rundo la kwa Omosa lilikuwa limefika kwenye dirisha la jikoni, na mkewe alikuwa amelalamika hadi akachoka. Wakati huohuo, mteremko wa kwa Ogoti ulikuwa umejaa mashimo. Ogoti ni mwenye duka lililo chini kabisa ya mteremko huo, mahali ambapo barabara inaanza kuwa tambarare na watoto wa shule huvuka. Lami iliahidiwa kila uchaguzi, na baada ya kila uchaguzi mashimo yaliongezeka.

Basi Jumapili moja Omosa aliwaambia wenzake wa risaga, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, "Sisi tuna marundo, barabara ina mashimo. Tunangoja nini?"

Hawakungoja. Walijaza mabaki kwenye mikokoteni na mabeseni, wakamwaga na kushindilia. Nyanchoka alibeba beseni lake akiimba. Jioni barabara ilikuwa nyeupe kama ugali uliopakuliwa sasa hivi, laini, bila shimo hata moja. Jua lilikuwa kali siku hizo, na barabara ikakauka vizuri sana. Kanisani walimtaja Omosa kwa jina. Hata Ombok, kijana wa bodaboda aliyetoka upande wa ziwani, si Mkisii, alisimamisha pikipiki akamshika mkono. "Mzee, umetuokolea mgongo," alimwambia. Omosa alitembea wiki ile akiwa ameinua kichwa kidogo.

Kisha mvua ikanyesha.

Ilianza watoto walipokuwa wakitoka shuleni. Nyanchoka alikuwa na rafiki yake Linet, jirani yao wa mlango kwa mlango. Walipofika chini ya mteremko, Linet alijifunika mkoba kichwani akakimbia kuvuka, ili akajikinge barazani kwa Ogoti. Nyanchoka alibaki nyuma akivua viatu. Alipoinua macho alimwona Ombok akishuka, akiwa peke yake, si kwa kasi. Ombok alimwona Linet. Alipiga honi na kushika breki. Nyanchoka aliona gurudumu la nyuma likisimama kabisa, na tope jeupe limeganda kwenye tairi mahali pamoja bila kuzunguka. Gurudumu limesimama, lakini pikipiki yaja. Ilikuja tu, ikiteleza taratibu na bila kelele, huku Ombok ameshusha miguu yote miwili akijaribu kuizuia na macho yamemtoka. Ilimkuta Linet katikati ya barabara.

Mguu wa Linet ulivunjika chini ya goti. Kilio chake kiliwatoa watu madukani, mashambani na kitandani.

Ondieki, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, alifika wakati majeruhi ameshapelekwa hospitali. Alitembea kando ya alama ya tairi akihesabu kwa sauti, hatua ndefu za mtu mzima, hadi ishirini na moja. "Mnaona?" aliwauliza watu. "Hii alama ni ndefu namna hii na mtu aniambie alikuwa anaenda polepole? Huyu alikuwa anapepea!"

"Mwenyekiti, nilishika breki," Ombok alisema. Damu ilimtoka kiwikoni. "Nilishika mapema. Haikushika."

"Breki ya pikipiki yako ni mbovu, ama kichwa chako?"

Watu walicheka, kicheko kibaya cha watu waliokasirika. Ondieki alimvua Ombok fulana yake ya bodaboda mbele ya wote, akaitundika kwenye msumari dukani kwa Ogoti. Akatangaza kwamba Ijumaa naibu wa chifu, mzee Angwenyi, angekuja kusikiliza kesi hiyo. Kama Ombok angepatikana na kosa, angefukuzwa steji na kukabidhiwa polisi.

"Mimi niliona," Nyanchoka alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa hiyo akarudia. "Mimi niliona! Gurudumu lilikuwa limesimama, na pikipiki ilikuwa inakuja."

Ondieki alimtazama kwa huruma. "Mtoto ameshtuka. Gurudumu likisimama, pikipiki inakuja na nini? Na mabawa?"

Wakacheka tena. Katika kijiji hicho neno likirudiwa barazani, kisimani na kwenye kinu cha kusaga, halihitaji ushahidi mwingine. Kufikia jioni, kwa maneno ya watu, Ombok alikuwa anakimbiza pikipiki. Kesho yake alikuwa amelewa. Siku iliyofuata alikuwa na kawaida ya kulewa, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na chupa.

Nyumbani, Nyanchoka alimkuta baba yake amekaa na patasi mkononi, hachongi. "Tata," alisema, "si makosa ya Ombok. Ni ule unga. Umelowa. Unateleza kama hapa kwenye beseni."

Omosa hakumtazama. "Umefanya kazi ya shule?"

"Tata, nilikuwa nasema..."

"Nimekuuliza kama umefanya kazi ya shule. Mambo ya barabara ni ya watu wazima."

Alikwenda kwa mama yake. Mama alifunika sufuria, akafunua, akafunika tena. "Unataka wasemeje juu ya baba yako, Nyanchoka?" aliuliza polepole. "Kwamba ndiye aliyemvunja Linet mguu? Jina la mtu likichafuka huku kwetu, utalisugua kwa msasa gani?" Alikuwa anampenda baba yake, na aliogopa. Aliona kwamba akisema anamwangusha baba, na akinyamaza anamwangusha Ombok, naye hakutaka hata mmoja wao aanguke.

Siku ya pili alikwenda hospitalini na mama yake Linet. Linet alikuwa amelala mguu ukiwa ndani ya plasta nzito hadi pajani.

"Kwa nini hakushika breki?" Linet aliuliza. "Mimi nilidhani ananiona."

"Alikuona," Nyanchoka alijibu.

"Sasa kwa nini hakusimama?"

Mama yake Linet alikuwa anasikiliza. Nyanchoka alitazama dirishani. Aliporudi nyumbani alilia chooni ili asionekane.

Kila alasiri mawingu yalikusanyika juu ya vilima, na kila alasiri barabara ile nyeupe ilimngoja mtu mwingine. Waendeshaji walishuka wakipiga kelele na kujishika, wakamlaani Ombok kwa kuwaharibia jina. Nyanchoka alichukua beseni lake akachota changarawe kando ya mto, akamwaga mahali pa kuvukia. Aliporudi na beseni la pili, mvua ilikuwa imeshateremsha changarawe yote mtaroni. Alisimama hapo amelowa chapachapa, na beseni kichwani, na hakujua afanye nini tena. Ogoti alimwita kutoka dukani, "Wewe mtoto, nenda nyumbani, utapata homa!" Alikwenda.

Alhamisi, Mwalimu Amolo aliingia darasani akachora pikipiki ubaoni. Mwalimu Amolo alifundisha sayansi, naye pia alitoka upande wa ziwani. "Pikipiki inakwenda," alisema. "Breki hushika gurudumu. Lakini ni nini kinachoishika pikipiki isiendelee mbele?"

"Breki, Mwalimu!" darasa zima lilijibu.

"La. Breki hushika gurudumu tu. Pikipiki hushikwa na ardhi. Tairi linasuguana na ardhi, na msuguano huo ndio unaoivuta nyuma. Pasipo na msuguano, gurudumu laweza kusimama kabisa na pikipiki iendelee na safari yake."

Nyanchoka aliacha kuandika.

"Na jambo jingine," Mwalimu aliendelea. "Kasi ikiongezeka mara mbili, pikipiki itahitaji umbali kiasi gani ili isimame?"

"Mara mbili!"

"Mara nne. Mkiwa mabodaboda kesho, mkumbuke hiyo. Na msuguano ukipungua mara tatu, umbali unakuwa mara tatu, hata kama kasi ni ileile."

Darasa lilipotoka, Nyanchoka alibaki. Alimweleza Mwalimu Amolo kila kitu: tope lililoganda kwenye tairi, hatua ishirini na moja, unga wa jiwe. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe aliuliza, "Nani alimwaga unga huo?"

"Risaga, Mwalimu."

"Lilikuwa wazo la nani?"

Nyanchoka alitazama vidole vyake. Machozi yalimlengalenga.

"Basi," Mwalimu alisema kwa upole. "Hilo sitalisema mimi, na sitakulazimisha useme wewe. Lakini msuguano tunaweza kuupima. Kesho nitakuja kwa Ogoti."

Ijumaa watu walijaa mbele ya duka. Mzee Angwenyi aliketi kwenye kiti cha plastiki. Ombok alisimama peke yake, mikono nyuma, amekonda kwa siku chache tu. Omosa alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta.

Mwalimu Amolo aliomba ruhusa. Alikuwa ameazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa Bathsheba, mama anayenunua parachichi za kupeleka mjini, na wanafunzi walikuwa wameleta tairi kuukuu na jiwe. Walilifunga jiwe ndani ya tairi. Mizani ilionyesha kilo ishirini. Kisha wakaliweka tairi kando ya barabara, penye changarawe ya zamani.

"Mwalimu, changarawe ni kavu," Bathsheba alipaza sauti. "Usituibie kama wanunuzi wa mjini. Mwagia maji pande zote mbili!"

Watu walicheka, na maji yakamwagwa pande zote mbili. Mwalimu alimpa Ondieki mizani. "Vuta wewe, Mwenyekiti, ili usiseme nimekudanganya." Ondieki alivuta tairi juu ya changarawe. Mizani ilisoma kilo kumi na mbili. Wakalihamishia kwenye unga mweupe. Ondieki alivuta kwa nguvu zilezile, tairi likamfuata mbio nusura aanguke chali. Akavuta tena polepole. Kilo nne.

"Mara tatu pungufu," Mwalimu alisema. "Kwa hiyo hapa pikipiki huteleza mara tatu zaidi. Zile hatua zako ishirini na moja, Mwenyekiti, kwenye changarawe zingekuwa saba. Ukipiga hesabu ya kurudi nyuma, kutoka urefu wa alama hadi kasi, hatua moja ikiwa kama mita moja, unapata kama kilomita thelathini na tatu kwa saa. Na kwa vile hapa bado pana mteremko kidogo, alikuwa chini ya hapo. Alama ndefu si lazima iwe kasi kubwa. Yaweza kuwa ardhi inayoteleza."

Mzee Angwenyi alikuna kidevu. Halafu Ondieki, ambaye alikuwa ameaibika na mizani bado iko mkononi mwake, alisema, "Mwalimu, hizo hesabu ni nzuri. Lakini wewe unatetea mtu wa kwenu."

Minong'ono ikapanda. Ndiyo, wanatoka upande mmoja. Ndiyo, lazima amtetee. Mwalimu Amolo aliitazama mizani. Angejibu nini? Hakuna mizani inayopima jambo hilo. Ombok aliinamisha kichwa kama mtu aliyeijua kauli hiyo tangu asubuhi, na mzee Angwenyi akasema kwa uchovu, "Nafikiri hili tuliachie polisi."

Nyanchoka alijikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka. "Gurudumu," alisema, "gurudumu lilikuwa..." Sauti ikakatika.

"Mtoto akae," mtu mmoja alisema.

Hakukaa. Hakuweza kusema, na hakukaa. Alibaki amesimama katikati ya watu wazima, machozi yanamtiririka, akimtazama baba yake tu.

Omosa alijitenga na ukuta. Watu walimpisha kwa heshima, wakidhani anakuja kumchukua binti yake. Alimwekea mkono begani na kuwageukia.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyetakiwa kusimama. Mwalimu si wa kwetu, sawa. Mimi je? Mimi ni wa wapi?" Alielekeza kidole barabarani. "Unga huu ulitoka nyuma ya nyumba yangu. Wazo lilikuwa langu. Kila siku nawaambia watoto wangu washike sahani kwa mikono miwili jiwe likilowa, kwa sababu linateleza. Hapa hakuna mtu anayeujua unga huu kunishinda."

"Ulijua siku ile mnaumwaga?" mzee Angwenyi aliuliza.

"Siku ile sikufikiri. Jua lilikuwa linawaka, rundo lilikuwa linanikera, na sifa zilikuwa tamu. Lakini Linet alipoanguka, nilitoka nje nikaona barabara inang'aa, nikajua. Palepale nikajua. Nikarudi ndani nikafunga mlango." Aligeuka. "Ombok, ulishika breki. Mimi ndiye niliyekuondolea kitu cha kushika."

Ondieki alirudisha mizani kwa Bathsheba bila kumtazama usoni. Aliingia dukani, akaitoa fulana msumarini, akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Chukua, ndugu yangu," alimwambia Ombok. "Tulikukosea. Na wewe, Mwalimu, ile nilisema... niwie radhi." Mzee Angwenyi aliagiza barabara ifungwe hadi itengenezwe. Ombok aliivaa fulana yake polepole. Hakutabasamu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumtaka atabasamu.

Jumapili risaga ilikutana tena. Safari hii walikwangua. Walikwangua unga mweupe wote mpaka udongo ukaonekana, kisha wakajaza mawe magumu na changarawe, wakashindilia na kuchimba mtaro wa maji. Omosa alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na hakuna aliyemtaja kwa jina.

Mvua ilipokuja tena, watu walikusanyika barazani kwa Ogoti kutazama. Hakuna mwendeshaji aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka. Omosa alipanda mteremko kwa miguu hadi alipokuwa Ombok. "Nibebe mimi," alisema.

"Mzee, kama haijashika?"

"Ndiyo maana nakwambia unibebe mimi."

Walishuka. Nyanchoka alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Ombok alishika breki mbele ya mahali pa kuvukia. Changarawe ikalia, pikipiki ikatikisika mara moja na kusimama, mbali na mahali pa hatari. Watu walipiga makofi. Omosa alianza kushuka, lakini Ombok hakuzima injini.

"Bado, mzee," alisema. "Sasa nikupeleke kwa Linet. Amerudi nyumbani. Mimi nimeshakwenda kumwambia pole. Wewe hujaenda."

Omosa akarudi kwenye kiti. "Nyanchoka," aliita, "panda nyuma yangu."

Linet alikuwa amekaa mlangoni, mguu wa plasta juu ya kigoda. Mama yake alisimama aliposikia pikipiki, na hakusema karibu. Omosa alivua kofia. Mvua ilimnyeshea kichwani naye hakujikinga.

"Mwanangu," alimwambia Linet, "kuna mambo mawili niliyoyafanya. La kwanza, nilimwaga unga barabarani bila kufikiria mvua. Hilo ni kosa, na mtu yeyote anaweza kulifanya, hata mwenye nia njema. Unajifunza, unarekebisha. La pili, nilijua ukweli nikanyamaza, nikamwacha mwenzangu abebe aibu yangu kwa kuwa hakuwa na wa kumtetea. Hilo halikuwa kosa la kutojua. Nililichagua, kila asubuhi, siku zote zile. Nyanchoka, nawe usikie. Ukikosea, sema mapema. Unapochelewa, mtu mwingine anaumia mahali pako. Nisamehe, Linet. Nilikuvunja mguu, kisha nikakuacha ukamlaumu mtu mwingine."

Linet alimtazama mama yake. Mama aliitazama mvua ikimdondoka Omosa puani. Mwishowe alivuta benchi akalisogeza ndani, mbali na mlango.

"Ingieni, mnalowa," alisema. "Na huyo wa pikipiki pia aingie. Aingie kwanza yeye."